KURA YA RAIS IKIPANDA MLIMA KITONGA

 Mgongo unaniuma kidogo kwa ajili ya kiti cha basi. Nimetoka kwenye baridi, Iringa na Mbeya, na leo sikuletei stori ya fumanizi wala ya mke mwenza. Nakuletea stori ya kura. Tafadhali usigeuze ukurasa! Ukivumilia mpaka chini utaona kwamba kura nayo ina mapenzi, ina wivu na ina talaka.

Kisa chenyewe kilianzia kijiweni. Washikaji walikuwa wanabishana kuhusu Marekani, maana siku hizi kila mtu ni mtaalamu wa Marekani. Mmoja akasema kule hata ukipata kura nyingi kuliko mwenzako unaweza ukashindwa. Wakamzomea. Lakini jamaa alikuwa sahihi kabisa! Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 3, na Ikulu akaingia Trump.

Kwanini? Kwa sababu kule Rais hachaguliwi kwenye chungu kimoja. Kila jimbo, kama vile Texas au Florida, lina wajumbe wake. Jumla yao ni 538, na anayefikisha 270 ndiye mwenye nchi. Sasa karibu majimbo yote yana sheria moja ya kikatili: ukishinda jimbo, hata kwa kura chache, unazoa wajumbe wote. Ni Maine na Nebraska tu ndiyo yanagawa. Mwaka 2000 George W. Bush alichukua Florida kwa tofauti ya kura 537. Kura 537, msomaji! Hao ni watu wa vituo viwili vya shule ya msingi, na ndio waliompa Ikulu.

Ndiyo maana mwaka 2024 Trump na Kamala Harris walishinda wamelala Pennsylvania, jimbo lenye wajumbe 19. Miji yake mikubwa, Philadelphia na Pittsburgh, inapenda chama kimoja. Vijiji vyake vinapenda kingine. Hakuna mwenye uhakika, basi kila mgombea anakwenda kunywa kahawa na wakulima.

Hapo ndipo mshikaji mmoja akadakia: "Sisi Pennsylvania yetu ni Mbeya na Iringa." Kijiwe kikacheka. Mimi sikucheka. Nikafunga begi.

PALE BASI LINAPOANZA KUHEMA

Kutoka Dar mpaka Iringa ni kama kilomita 500. Mikumi unapita unaangalia swala, Ruaha Mbuyuni unanunua vitunguu, halafu unafika Kitonga na basi linaanza kuhema kama mzee mwenye pumu. Kushoto ukuta wa mawe, kulia korongo. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yamepangana puani mwako. Abiria wote wanakuwa walokole kwa nusu saa.

Ukishamaliza kupanda, hewa inabadilika. Watu wanafungua mabegi wanatoa masweta. Hapo sasa umeingia Nyanda za Juu Kusini. Kwa sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.3 na Iringa karibu milioni 1.2. Zamani ilikuwa mikubwa zaidi: Njombe ilikatwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe ikakatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kwa hiyo mtu wa Tunduma ambaye kwa uchaguzi wa 2015 alihesabiwa ni wa Mbeya, sasa ni wa Songwe. Nyumba ni ileile, mkoa umemhama.

Kabla hujafika mjini Iringa unauona mnara wa Lugalo pembeni ya barabara. Hapo ndipo Wahehe wa Mkwawa waliwapiga Wajerumani Agosti 17, 1891. Nataja hili si kwa mbwembwe. Mwanasiasa yeyote anayekwenda kuomba kura Iringa lazima amtaje Mkwawa, lazima aseme "kamwene", na lazima akae kimya kidogo watu wapige makofi. Asipofanya hivyo anaonekana mgeni hasa.

JEMBE NA NYUMBA

Mji wa Iringa umekaa juu ya mlima, barabara kuu inapita chini, Ipogolo. Pale nilikaa na mzee mmoja anayeuza miwa. Nikamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba mjukuu wangu, na alipojua naandika magazetini akasogeza kigoda. Nikamuuliza kuhusu kura za zamani.

Akanikumbusha kitu ambacho sisi tuliozaliwa juzi tunakisoma kwenye vitabu vya Uraia tu. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1990, kura ya Rais Tanzania ilikuwa na mgombea mmoja. Kazi yako ilikuwa kusema Ndiyo au Hapana. Mara moja tu kabla ya hapo, Novemba 1962, Mwalimu Nyerere alipata mpinzani, Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC, na Mwalimu akazoa zaidi ya asilimia 98.

Basi kelele zote za uchaguzi zilihamia kwa mbunge. Wagombea wawili, chama kimoja. Mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Mzee akasema huko vijijini mwenye jembe alikuwa anaringa, maana nani atalikataa jembe? Na mwenye nyumba naye alikuwa anajibu: ukishalima utalala wapi? Nilicheka mpaka muwa ukanipalia.

Lakini usije ukadhani enzi hizo siasa ya huku ilikuwa ya kucheka tu. Ukichepuka hapo Iringa ukashika njia ya Dodoma unafika Isimani. Siku ya Krismasi mwaka 1971, wakati wa vijiji vya ujamaa, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, alikwenda kwenye shamba la mkulima Said Mwamwindi. Wakagombana. Mwamwindi akampiga risasi akamuua, na baadaye mwenyewe akanyongwa. Ugomvi ulikuwa wa shamba. Huku, msomaji, ukitaka kujua siasa, angalia kwanza mtu analima nini na nani anamwingilia.

Na ni Isimani hiyohiyo iliyompeleka William Lukuvi wa CCM bungeni mwaka 1995, ikaendelea kumrudisha uchaguzi baada ya uchaguzi. Weka hilo akilini, tutalihitaji.

MCHUNGAJI NA MWANAMUZIKI

Oktoba 29, 1995 nchi ikapiga tena kura ya vyama vingi. Benjamin Mkapa wa CCM akapata karibu asilimia 62. Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, yule ambaye mashabiki walikuwa wanaisukuma gari yake kwa mikono, akapata karibu 28. Profesa Ibrahim Lipumba na John Cheyo wakagawana kilichobaki.

Sasa sikiliza hii. Mwaka huohuo Iringa Mjini na Mbeya Mjini zote mbili zikachagua wabunge wa NCCR-Mageuzi. Miaka mitano baadaye zikabadilisha mawazo: mwaka 2000 CCM ikarudi, Monica Mbega Iringa na Benson Mpesya Mbeya, na wote wakakaa miaka kumi. Halafu Oktoba 31, 2010 ikaja tena tufani. Iringa Mjini wakamchagua Mchungaji Peter Msigwa wa Chadema. Mbeya Mjini wakamchagua Joseph Mbilinyi, huyu Sugu, Mr. II, msanii wa rap ambaye kanda zake zilichezwa kwenye daladala nchi nzima. Mchungaji na mwanamuziki! Miji miwili, barabara moja, siku moja.

Unaona mtindo? Hii miji miwili inakwenda kama mapacha. Ikikasirika inakasirika pamoja, ikisamehe inasamehe pamoja. Na sababu si uchawi. Yote miwili iko juu ya barabara ya Zambia. Yote miwili imejaa vijana waliotoka vijijini kuja kuuza viatu vya mtumba, simu na vitumbua. Yote miwili ina wanafunzi wa vyuo kama utitiri: Iringa kuna Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Ruaha Catholic, Mbeya kuna MUST na TEKU. Na wote hao, wamachinga na wasomi, wana adui mmoja, naye ni mgambo.

Mei 2013 pale Mashine Tatu, Iringa, wamachinga na polisi walipambana kwa ajili ya mahali pa kupanga biashara, na mbunge Msigwa akakamatwa. Novemba 2011 Mwanjelwa, Mbeya, ilikuwa hivyohivyo: mabomu ya machozi, matairi yanawaka, barabara kuu imefungwa. Ilibidi Sugu aje azungumze na vijana ndipo mambo yakatulia. Hapo ndipo utajua kwanini mwanamuziki alishinda. Kijana anayekimbizwa na mgambo hataki mbunge mwenye tai nzuri. Anataka mtu atakayekuja.

Kuhusu wanafunzi, kuna kasoro moja ambayo haisemwi sana. Sheria inakutaka upige kura pale ulipojiandikisha. Mwaka 2010 wanafunzi wengi walijiandikisha vyuoni, halafu vyuo vikachelewa kufunguliwa mpaka uchaguzi ukapita. Kadi iko mfukoni Kyela kwa mama, kituo kiko Iringa. Nauli hakuna. Kura hiyo ikaenda wapi? Ikabaki mfukoni.

MAFIGA MATATU

Toka Iringa basi linakwenda Mafinga, kwenye mbao na ubaridi wa Mufindi, halafu Nyololo, halafu Makambako. Kabla sijakupeleka Makambako, naomba tusimame Nyololo dakika moja.

Septemba 2, 2012 Chadema walikuwa wanafungua tawi lao katika kijiji hiki cha barabarani. Polisi wakaja kutawanya watu. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, alikuwa kazini na vifaa vyake. Akauawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu na mwili wake, katikati ya askari. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Haikuwa hata siku ya uchaguzi. Ilikuwa kufungua tawi tu. Wanaosema siasa ya vijijini ni kula pilau na kuvaa kofia, nawaomba wapite Nyololo.

Sasa Makambako. Hapa barabara inagawanyika: kulia Mbeya, kushoto Njombe, Songea hadi Mbinga. Reli ya TAZARA nayo inapita hapa. Kuna maghala ya mahindi ya taifa. Na ukiwa Makambako ndipo unaona mchezo wenyewe wa kura ya Rais unavyochezwa.

Angalia kalenda. Uchaguzi wetu ni Oktoba. Mvua za huku zinaanza mwezi mmoja au miwili baadaye. Kwa hiyo mgombea wa Urais anapopita, mkulima ameshatayarisha shamba na anawaza kitu kimoja: mbolea. Mikoa hii ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ndiyo ghala la nchi, na mahindi bila mbolea ni mabua. Hapo mgombea hahitaji hotuba ya falsafa. Akisema bei ya mfuko itashuka, makofi. Akisema serikali itanunua mahindi kwa bei nzuri, vigelegele. Akisema atapiga marufuku lumbesa, yale magunia ya viazi yaliyovimba kama mtu aliyevaa makoti matatu, akina mama wanamtandikia kanga apite juu yake.

Nani anaweza kutoa ahadi hizo kwa kishindo? Mwenye serikali. Mpinzani anaweza kuahidi mbolea, lakini mwenye serikali anaweza kuileta kabla ya kampeni. Ndiyo siri ya vijiji. Mjini kijana anaiona serikali kwa sura ya mgambo. Shambani mzee anaiona kwa sura ya vocha ya mbolea. Ni serikali moja, ila kila mtu ameonyeshwa upande wake.

Ndiyo maana miaka yote ile miji ilipokuwa inakwenda na upinzani, ukitoka nje kidogo, Isimani, Kilolo, Mufindi, unakuta CCM imekaa kama mwamba wa Gangilonga. Hapa ndipo yule mshikaji wa kijiweni alikuwa na hoja: miji inapenda huku, vijiji vinapenda kule, Pennsylvania tupu.

Lakini si vijiji vyote. Kule mpakani, Tunduma na Momba, mwaka 2015 walichagua Chadema. Na mwaka 2020, upinzani ulipozolewa karibu nchi nzima, mbunge pekee wa jimbo aliyebaki na Chadema alitoka Nkasi Kaskazini, Rukwa, huko huko nyanda za juu. Anaitwa Aida Khenani. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa huku kwamba wanakijiji ni kondoo, jiandae kukimbia.

Mpiga kura anapewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge, ya diwani. CCM walibuni msemo mtamu sana, mafiga matatu. Chungu hakikai kwenye figa moja, basi wape wote watatu wa chama kimoja. Mama mmoja muuza viazi pale Makambako alinichekesha. Nikamuuliza mama, wewe mafiga yako ni mangapi? Akasema, mwanangu, siku hizi mimi napikia jiko la mkaa, halina mafiga. Nikajua huyo ni wale wanaochanganya: Rais wa huku, mbunge wa kule. Na hao ndio waliofanya hii miji miwili iwe na wabunge wa upinzani wakati Ikulu haikutoka CCM hata mara moja.

KARIBU MWANJELWA

Unaingia Mbeya kupitia Uyole. Kulia milima imesimama, Loleza anakuangalia. Kelele zinaanza: bajaji, bodaboda, wapiga debe, kabichi kubwa kama tairi. Mwanjelwa ndiyo roho ya jiji. Soko lake liliungua Desemba 2006, likajengwa jipya, na wafanyabiashara wameshazoea kuhamishwa kama watoto wa askari.

Kampeni ya Urais Mbeya ni sherehe. Mgombea anateremka uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, au anakuja kwa barabara akisimama kila penye watu watano. Msafara unapita Mbalizi, unaelekea Ruanda Nzovwe au uwanja wa Sokoine. Muziki kwanza, siasa baadaye. Na lazima amalize kabla ya saa 12 jioni, maana sheria ndivyo inavyosema. Saa 11 na nusu utawaona wasaidizi wanaangalia saa kama makocha. Mwaka 2015 John Magufuli na Edward Lowassa walikuwa kila mmoja anajaza uwanja hadi watu wanakaa juu ya miti. Watu walikuwa wanaenda kwa huyu Jumatatu na kwa yule Jumatano, wakiwa na fulana za wote wawili. Matokeo ya nchi: Magufuli asilimia 58.46, Lowassa 39.97. Mbeya Mjini akabaki Sugu, Iringa Mjini akabaki Msigwa.

Baada ya hapo muziki ukazimwa. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilipigwa marufuku, na marufuku hiyo ikaja kuondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan Januari 2023. Februari 2018 Sugu alifungwa miezi mitano kwa maneno aliyosema mkutanoni kuhusu Rais; akatoka Mei mwaka huohuo. Oktoba 30, 2020 Magufuli akatangazwa kwa asilimia 84 na ushei. Mbeya Mjini akachukua Dk. Tulia Ackson wa CCM, mwenyeji wa Rungwe, ambaye Februari 2022 akawa Spika. Iringa Mjini akachukua Jesca Msambatavangu wa CCM. Wapinzani walisema kura zimeibwa, serikali ikasema wameshindwa. Na ule upacha? Uliendelea, ila safari hii mapacha walivalishwa nguo na mtu mwingine au walizivaa wenyewe, hiyo inategemea unaongea na nani kwenye daladala.

Hata ndoa za kisiasa za huku zina talaka, niliwaahidi. Mei 2024 Sugu alimshinda Msigwa uenyekiti wa Kanda ya Nyasa ya Chadema. Juni 30 Msigwa akahamia CCM. Mapacha wa 2010 wakaachana. Si stori ya mapenzi hiyo?

CHUNGU KIMOJA

Sasa tujibu swali la kijiweni. Je, Mbeya na Iringa ni Pennsylvania yetu?

Kwa hesabu, hapana. Kwetu nchi nzima ni chungu kimoja. Kura ya Mwanjelwa, ya Kariakoo na ya Micheweni, Pemba, ina uzito uleule. Mkoa hauna wajumbe. Mwaka 1995 sheria ilitaka mshindi apite nusu ya kura. Tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, anayeongoza tu ametosha. Wenzetu wa Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, wanataka mgombea apate zaidi ya nusu na pia asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Yaani kule lazima ubembeleze kaunti nyingi. Kwetu mkoa kama mkoa unatajwa mahali pamoja, kwenye udhamini: mgombea Urais lazima aonyeshe wapiga kura 200 wa kumdhamini katika mikoa isiyopungua 10, miwili ikiwa Zanzibar. Basi. Baada ya hapo mkoa unayeyuka kwenye chungu.

Na chungu kikishatangazwa kimetangazwa. Katiba yetu, Ibara ya 41, inasema Tume ikishamtangaza Rais, mahakama haina ruhusa ya kuchunguza. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika, ile iliyoko palepale Arusha, ilisema kifungu hicho kinavunja haki za raia. Kikabaki.

Lakini kuna uzito mwingine ambao hauko kwenye hesabu. Ni uzito wa mashaka. Pennsylvania inapata heshima kwa sababu hakuna anayejua itaamka vipi. Mbeya na Iringa kwa miaka 25 zilikuwa hivyohivyo: zilichagua, zikabadilisha, zikachagua tena. Mwanasiasa aliyekwenda huko alikwenda na woga kidogo, na mgombea mwenye woga ndiye anayesikiliza. Akiulizwa lumbesa anajibu. Akiulizwa mgambo anajikuna kichwa. Hiyo ndiyo faida ambayo mama muuza viazi aliipata kwenye kura yake, hata pale mgombea wake wa Urais alipoanguka.

Oktoba 29, 2025 mashaka hayo hayakuwepo kwenye karatasi. Tundu Lissu wa Chadema alikamatwa Mbinga mwezi Aprili, ileile barabara ya kushoto ya Makambako, akashtakiwa kwa uhaini. Chama chake kikaondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Jimbo la Mbeya Mjini lilikuwa limeshagawanywa na kuzaa jimbo jipya la Uyole. Siku ya kura vijana waliingia barabarani Dar, Mwanza, Arusha, na huku Mbeya na Tunduma pia. Intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Watu waliuawa, na idadi yao inabishaniwa. Novemba Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Matokeo yaliyotangazwa yalimpa Rais Samia asilimia 97.66.

Yule babu wa Ipogolo angekuambia namba hiyo anaijua. Inafanana na za wakati ule wa Ndiyo na Hapana. Ila kuna tofauti moja kubwa: wakati ule kulikuwa na jembe na nyumba. Mtu alikosa kuchagua Rais, akamalizia hamu kwa mbunge. Kijana wa leo wa Mwanjelwa, aliyezaliwa baada ya 1995, hajui kuishi bila kuchagua. Amelelewa kwenye mikutano ya Ruanda Nzovwe, ameona mwanamuziki akienda bungeni kwa kura ya mama yake. Ukimnyima mashaka kwenye karatasi, atayatafuta barabarani. Na barabarani, msomaji wangu, kura haihesabiwi. Zinahesabiwa maiti, na hata hizo watu hawakubaliani.

Kwa hiyo jibu langu kwa washikaji ni hili. Mbeya na Iringa si Pennsylvania kwa sheria, ila zilikuwa hivyo kwa tabia. Tabia hiyo haijafa. Nimekaa kwenye viti vya plastiki Mafinga, Makambako na Uyole, nimewasikia wanavyobishana kuhusu mbolea, lumbesa na mgambo, na hakuna hata mmoja aliyesema hajali. Watu wasiojali hawabishani mpaka chai inapoa.

Ukipata nafasi nenda ukajionee. Chukua sweta, na upande wa dirisha, kulia. Ukitaka ulanzi usiende Oktoba, subiri mvua. Na ukikutana na mzee yeyote, mwamkie kwanza, siasa baadaye.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akitujalia.